Pweza Mezani na Neno Karibu

Watu wanaojishughulisha na utamaduni wa taifa hupenda kujadili ngoma, lugha, mavazi, ushairi na uchongaji. Chakula hukipita kando, kana kwamba chungu na mwiko ni mambo ya jikoni tu yasiyostahili kufikiriwa. Katika insha hii nakusudia kulichukua swali moja la mezani na kulipima kama linavyopimwa swali lolote la maadili. Mpishi anapomchukua pweza, au changu, au papa, akambadili umbo na ladha hata mvuvi aliyemleta asimtambue, kisha akasema kwamba hicho ni chakula chetu, je, amesema kweli? Na mla anayelipa fedha nyingi ili akistaajabie chakula hicho, ana deni gani, na deni hilo ni kwa nani?

Swali hili haliwahusu watu wachache wenye mifuko mizito peke yao, kama msomaji anavyoweza kudhani. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika mwambao wa mashariki wa kisiwa hicho, na hata Dar es Salaam upande wa Msasani, imezuka mikahawa ya samaki ambamo mla haendi kushiba, huenda kushangaa. Sahani huja moja baada ya moja, kila moja na tonge lake, na kila tonge na maelezo yake. Vijana wetu wanafundishwa kazi hiyo vyuoni, na wengine wameimudu barabara. Wageni wakirudi kwao husema wamekula chakula cha Waswahili. Basi yatupasa kujua ni kitu gani kinachosemwa kwa jina letu.

Na tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ndiyo ghala ya fikira za watu. Katika Kiswahili samaki haitwi chakula, huitwa kitoweo. Chakula ni wali, ugali, muhogo, ndizi au mkate. Samaki, nyama, maharage na mchicha huja kukisindikiza, na bara watu huviita vyote hivyo mboga. Mtu aliyekula wali bila ya kitu husema kala wali mtupu, wala haoni taabu kusema hivyo, maana amekula. Lakini aliyekula samaki peke yake hatasema kwamba amekula. Atasema ametafuna samaki, na akifika nyumbani atauliza chakula kiko wapi. Tofauti hii inazidi maneno. Chakula kila mtu hula kwa kadiri ya tumbo lake, ama kitoweo hugawanywa. Katika sinia la watu watano, wali ni bahari isiyo mipaka, lakini kipande cha nguru kilichowekwa katikati kina sheria zake: mkono hauvuki kwenda upande wa mwenzio, mdogo hamtangulii mkubwa kukimega, na mwenye nyumba huwasogezea wageni minofu, yeye akabaki na kichwa. Mtoto wa pwani hufundishwa uadilifu kwenye sinia kabla ya kufundishwa chuoni. Kitoweo ni kichache, na katika uchache huo ndimo watu hupimana tabia.

Mpango huu ni wa kale. Msafiri Ibn Battuta alipopita katika mwambao wetu mwaka 1331, aliandika jinsi alivyokirimiwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, tena maziwa ya mgando pamoja na achari za ndimu, na tangawizi, na maembe. Alipofika Mombasa aliwakuta watu wakila ndizi na samaki. Karibu miaka 700 imepita, na msomaji wa pwani akiyasoma maelezo hayo atasikia njaa, wala hatasikia ugeni.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba kwa sababu mpango ni wa kale basi kila kilichomo sufuriani ni cha kale. Nyanya, pilipili kali, muhogo na mahindi asili yake ni bara la Amerika, navyo vilivuka bahari baada ya Wareno kuingia katika bahari yetu. Mnazi ulitujia kutoka mashariki, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Karafuu haikuota Unguja kabla ya karne ya 19. Pilau, biriani na sambusa hujitambulisha kwa majina yao kwamba wamefika na merikebu, na meza yenyewe, ambayo juu yake twaviweka vyote hivi, ni neno la Kireno. Iko siku ambayo mtu wa kwanza alitia nyanya katika mchuzi wa samaki, na sina shaka kwamba bibi yake alimwambia ameuharibu. Kwa hiyo anayemkataza kijana wa leo kubuni, kwa hoja kwamba wazee hawakubuni, hawajui wazee.

Wala msimamo huu haupingani na nia ya taifa letu tangu mwanzo. Hayati Mwalimu Julius Nyerere, alipotangaza Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisema kwamba shabaha yake ni kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yote na kuyafanya kuwa mali ya wote. Lakini katika hotuba hiyohiyo alionya kwa maneno makali kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine halina akili timamu. Watu wengi hukumbuka nusu moja ya maneno hayo, kila mtu nusu inayomfaa.

Nami niliye mtunzi wa mashairi ya vina na mizani nimeyakuta mabishano ya namna hii katika fani nyingine. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wako waliosema kwamba utungo usio na vina si shairi, ni insha iliyokatwakatwa. Sisi tuliosoma sekondari baadaye tulirithi ugomvi huo pamoja na vitabu vyenyewe. Leo mashairi ya aina hiyo yanafundishwa shuleni, na mwanafunzi wa kijijini asiyewajua wabishani wale huyatunga kumlilia mama yake. Mimi bado natunga kwa vina. Ndiyo ladha yangu, na ladha ya mtu mmoja haiwezi kuwa sheria. Ila nilijifunza kitu hapo. Kilichoyaingiza mashairi yale nyumbani hakikuwa hoja za wasomi. Ilikuwa ni mikono ya watu ambao hawakualikwa kwenye mabishano. Nadhani kipimo hicho kinafaa hata jikoni.

Sasa nieleze niliyoyaona. Miaka michache iliyopita, baada ya mkutano wa siku tatu uliohusu mambo ya lugha, wenyeji wetu walitualika chakula cha mchana katika hoteli moja ya mwambao wa mashariki wa Unguja. Meza zilipangwa chini ya paa la makuti, hatua chache kutoka mchangani. Kwanza aliletwa pweza aliyekatwa mwembamba kama karatasi, akatandazwa juu ya jiwe jeupe, na matone ya ukwaju yamepangwa juu yake kama nukta. Ukafuata mchuzi wa papa uliokuwa maangavu kama maji ya kisima, hauna umanjano wala wekundu wa nyanya. Lakini ulipofika kinywani, bizari, pilipili, ndimu na papa mwenyewe wote walikuwamo, kila mmoja mahali pake, kama ubeti uliotimia. Kisha kikaja kitu mfano wa povu la wimbi, kumbe ni tui la nazi. Baadaye ngisi aliyepikwa kwa wino wake, pamoja na bada la muhogo lililokaushwa likawa kama biskuti na kunyunyiziwa unga wa dagaa. Nasema kwa haki kwamba kilikuwa chakula kizuri. Mchuzi ule wa papa sijapata kuunywa mfano wake, na atakayeniambia kwamba ni upuuzi nitamjibu kwamba hajauonja.

Tulipokuwa kwenye sahani ya tatu, walipita ufukweni wanawake wanne wakitoka mwambani. Siku hizo bahari ilikuwa ya bamvua, maji yalikuwa yamekupwa mbali tangu asubuhi, nao walikuwa na ndoo kichwani na vijiti vya kuchokolea pweza mkononi. Mwenzetu mmoja, mtu wa makamo wa Bagamoyo, aliinua mkono kwa mazoea, kama afanyavyo kila mtu wa pwani apitiwapo na mtu naye yuko chakulani, akasema, "Karibuni chakula, mama zangu!" Wakajibu, "Ahsante, starehe," bila ya kugeuka, wakaenda zao. Kila mmoja wetu akaangalia sahani iliyokuwa mbele yake. Palikuwa na tonge moja.

Mwishoni mpishi alitoka kutusalimu. Alikuwa kijana wa Kipemba, mpole, aliyejifunza kazi mjini na kuiendeleza ng'ambo. "Shikamooni, wazee wangu." Tukamwitikia marahaba, tukamwuliza tui linasimamaje kama povu. Akatueleza kwamba hushikwa na unga utokanao na mwani, nao unga huo huuagiza kutoka nje, ndani ya kopo. Mzee mmoja miongoni mwetu akamwuliza, "Mwanangu, mama yako amekila chakula hiki?" Kijana akacheka, akasema, "Amekila, babu. Aliniombea dua, kisha akaniuliza wali uko wapi."

Tulicheka sote. Lakini kwa maoni yangu mama yule na yule mwenzetu wa Bagamoyo walikuwa wamelishika jambo lilelile, mmoja kwa swali, wa pili kwa mkono wake uliobaki hewani.

Neno karibu limezoeleka mno hata limeandikwa kwenye mikeka na fulana za watalii, na wageni hulidhani kuwa ni pambo la lugha. Kwetu ni kanuni. Mwenye kula anapomwambia mpita njia "karibu chakula", anakiri kwamba kile kilicho mbele yake kingeweza kuwa cha mwingine, na kwamba amekipata bila ya kustahili kuliko yule anayepita. Aghalabu mpita njia hujibu kwamba ameshiba hata akiwa na njaa, na mwenye kula analijua hilo. Wako wanaosema kwamba huo ni unafiki wa pande mbili. Mimi sioni hivyo. Neno hili hubaki kuwa kweli kwa sababu chakula chenyewe kinaweza kulibeba: sinia huweza kupokea mkono wa sita, mchuzi huweza kuongezwa maji, na wali mkubwa hausemi nimekwisha. Mpita njia akiamua kuketi, mwenye sinia atashikwa kwa neno lake, naye atalitimiza. Sahani ya tonge moja imepimwa mtu mmoja, imelipiwa na mtu mmoja, na mwenye kuila hawezi kumkaribisha hata aliyeketi ubavuni mwake. Wanawake wale laiti wangekuja, tungewapa maelezo. Hapo ndipo ninapoliona tatizo la maadili, wala silioni katika povu, unga au jiwe jeupe.

Yuko atakayenijibu kwamba kila mkahawa huuza, na kwamba hata mama lishe hatoi chakula bure. Ni kweli. Lakini kwenye benchi la mama lishe watu wawili hununua sahani moja wakaila pamoja bila ya kutazamwa, na kichwa cha samaki kikasukumwa kwa mtoto aliyekuja na baba yake. Tena tumtazame yule muuzaji wa pweza wa barabarani Dar es Salaam, mwenye sinia la vipande, bakuli la pilipili na ndimu zilizokatwa. Hapo dereva, karani na mchukuzi husimama bega kwa bega, kila mtu na kijiti chake, na kipande ni kipande. Huyo naye ni mbunifu: hakuna desturi ya kale iliyomfundisha kumuuza pweza kwa kijiti. (Yasemwayo juu ya supu ya pweza na nguvu za wanaume sitayagusa, wauzaji wake wanajitosheleza kwa matangazo.) Biashara, basi, haikulizuia neno karibu. Kinacholizuia ni kukifanya kitoweo kuwa kitu cha mtu mmoja kukitazama.

Ipo hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ndiyo anayoitoa mwenye hoteli. Atasema: wanawake wale hawahitaji kukaribishwa, wanahitaji bei nzuri. Nani amekuambia kwamba anayemtoa pweza mwambani anatamani kumla? Auze, asomeshe watoto, na tonge aachiwe mwenye fedha. Nitairudia hoja hii. Kwanza nataka kusema neno juu ya ubunifu wenyewe, maana liko jambo moja la nchi za nje linaloweza kutufungua macho.

Kusini mwa Hispania, katika mji wa El Puerto de Santa María karibu na Cádiz, kuna mkahawa uitwao Aponiente, uliofunguliwa mwaka 2007 na mpishi Ángel León, ambao sasa umo ndani ya kinu cha kale kilichokuwa kikiendeshwa na maji ya bahari kujaa na kupwa. Mwaka 2017 ulipewa nyota ya tatu na wale wapimao mikahawa ya Ulaya, na hiyo ndiyo daraja ya juu kabisa kwao. Sifa ya mpishi huyo ilitokana na kuwachukua samaki ambao wavuvi huwatupa kwa kukosa wanunuzi, akawafanya soseji na vitu vya namna hiyo hata mla akadhani anakula nyama. Bei za mezani pake si za mvuvi, hilo halina ubishi. Lakini kazi hiyo ina fikira ndani yake, kwamba bahari ina mwisho na kwamba uchaguzi wa mlaji ndio unaoitia hasara. Mwaka 2021 habari zake zilienea tena, kwa kuwa alikuwa akilima nyasi za baharini na kupika mbegu zake kama mchele. Magazeti yaliita jambo hilo uvumbuzi. Lakini Waseri, wajiitao Comcaac, wa jimbo la Sonora nchini Meksiko, walikuwa wakivuna na kula mbegu za nyasi hizo tangu zamani, na wataalamu walikuwa wamekwisha kuliandika jambo hilo mwaka 1973. Kilichokuwa kipya Hispania kilikuwa mlo wa nyanya wa Kiseri. Kila tusikiapo neno ubunifu, basi, yafaa tuulize: mpya kwa nani?

Nimemtaja mpishi wa Hispania kwa kuwa anakigeuza kinachotupwa kuwa kitoweo. Hapa nchini kazi hiyohiyo ilifanyika bila ya nyota, tena mbali na pwani. Samaki sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala samaki wengi waliokuwamo. Tangu miaka ya 1990 minofu yake ikawa ikipelekwa Ulaya kwa ndege, na mabondo yake yakatafutwa na wanunuzi wa Asia. Kilichobaki viwandani ni mifupa na vichwa, na watu wa Mwanza wakakipa jina: mapanki. Akina mama wakayakausha, wakayakaanga, wakayauza, na watu wakatowea. Filamu ya Hubert Sauper iliyotoka mwaka 2004 ilipoyaonyesha mapanki kwa walimwengu, Serikali ililalamika mwaka 2006 kwamba nchi imepakwa matope. Sina nia ya kuufufua ubishi ule. Ninachokiona ni kwamba ustadi wa yule mama wa Mwanza, wa kutoa kitoweo katika mfupa, haukupungua kwa lolote ustadi wa mpishi mwenye nyota. Tofauti ni kwamba mmoja alichagua na mwingine alisukumwa. Ubunifu wa hiari tunausifu, na ubunifu wa dhiki tunauficha, na katika kuuficha tunasahau kuuliza kwa nini watu wa ziwani waliachiwa mifupa ya samaki wa ziwa lao.

Narudi sasa kwenye hoja ya bei. Wahenga walisema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Maneno hayo yana elimu ndani yake. Pweza hukaa tunduni, na mlangoni pake huacha maganda ya kaa na makombe aliyokwisha kula, pamoja na vijiwe alivyovipanga. Mwanamke aliyezoea mwamba huzisoma alama hizo akiwa anatembea, hali mgeni angelipita juu yake asimwone. Elimu hiyo hurithiwa kwa mama na shangazi, nayo kwa miaka mingi ilihakikisha kitoweo cha nyumbani siku za bamvua, kwa kuwa mwambani hapahitaji chombo wala nyavu. Bei ilipopanda kwa ajili ya mahoteli na viwanda vya kusafirisha nje, wanaume nao waliingia kwa miwani ya kuzamia, wakawafuata pweza hadi kwenye maji ambayo wanawake hawafiki. Pweza wadogo wakawa wakitolewa kabla ya kukua. Na pweza ni kiumbe wa maisha mafupi, hadi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake bila ya kula, kisha hufa. Akitolewa kabla ya hapo, amekufa na kizazi chake.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Bukini, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kama saba, na walipoufungua waliwakuta pweza wakubwa na wengi. Vijiji kadhaa vya Pemba, Unguja na mwambao wa bara vimelifuata jambo hilo. Msomaji na apime: katika miezi hiyo ya kufunga, ni nani anayefunga? Mkahawa hununua kwingine. Mla kutoka ng'ambo hajui hata kwamba mwamba umefungwa. Anayekosa ni yule ambaye kitoweo chake kilikuwa pale, na ambaye siku hizi, hata mwamba ukiwa wazi, humuuza pweza ili anunue unga, watoto wake wakala ugali kwa mchicha. Sisemi asiuze, ni mali yake na jasho lake, na mtu mzima hafundishwi matumizi ya fedha zake na mtunzi wa mashairi. Lakini asemaye kwamba mama huyu anahitaji bei tu amekata deni nusu. Mama huyu ameipa sahani ile mambo mawili, pweza na subira, na bei hulipia pweza peke yake.

Hili ndilo deni ninaloliona, na sidhani kwamba linalipwa kwa kuona haya mezani, wala kwa kumkataza kijana wa Kipemba kazi yake. Ningependa afanye zaidi. Ile elimu ya kuusafisha mchuzi wa papa hata ukawa maangavu haina sababu ya kubaki hotelini. Siku moja apike sufuria nzima kijijini, mchuzi umiminwe juu ya wali katika masinia, na akina mama waseme wenyewe kama wataukubali au watautia nyanya. Wakiupika tena wiki ijayo yeye hayupo, basi mchuzi ule umekuwa wa Waswahili, na hoteli iuandike hivyo kwenye kadi yake bila ya woga. Wasipoupika, uitwe kwa jina la mpishi, nalo ni jina la heshima. Kadi hiyo yaweza pia kutaja kijiji kilichomtoa pweza na miezi kilichoufunga mwamba wake. Wino wa kuandika mistari miwili si ghali, kwa watu wanaolipia wino wa ngisi.

Na kuna habari ya mwani. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mwambao uleule tulipokula, na tangu mwanzo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Huufunga kwenye kamba, huuvuna maji yakipwa, huuanika, huuza magunia, na magunia huenda ng'ambo kusagwa unga unaogandisha vyakula vya viwandani na vya mikahawa mikubwa. Unga ule wa kopo ulioshika tui letu waweza kuwa ulitoka mwambani pale, ukazunguka dunia, ukarudi kwa bei ambayo mkulima wake asingeitambua. Kwa miaka mingi wakulima wenyewe hawakuula. Uliitwa mazao, haukuitwa kitoweo. Siku hizi joto la bahari limeudhuru, hasa ile aina yenye bei nzuri, na wengine wameiacha kazi. Waliobaki wameanza kuusaga wenyewe. Wanatengeneza sabuni, juisi, keki na achari, na wanauziana majumbani kabla ya kuwauzia wageni. Ile achari nimeionja. Imezidi chumvi, na haikuletwa juu ya jiwe: nilipewa bakuli zima, na wali.